Mama Mkwe Alizibwa Macho

Kitinda alikuwa na hasira za karibu na hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Alizaliwa wa mwisho, nyuma ya kaka anayependa kuongoza vikao na dada anayependa amani, na katika nyumba ya namna hiyo mtoto wa mwisho asipopaza sauti hapewi hata pa kukaa. Lakini asubuhi alipogundua kwamba mkaguzi wake amezibwa macho, hakupaza sauti. Alinyamaza kimya, na wanaomjua wangeambiwa hivyo wangekaa mbali.

Huyo mkaguzi ni lazima aelezwe kwanza. Kaka na Kitinda walikuwa na programu ya kukokotoa dripu: muuguzi anaandika uzito wa mgonjwa, kompyuta inamwambia maji yaende kwa kasi gani. Ilikuwa programu huria, yaani msimbo wake umewekwa wazi mtandaoni, yeyote anausoma, anaurekebisha na kuutumia bure. Watu wa kujitolea waliuchangia kutoka kila pembe, wengi wao hawajawahi kuonana ana kwa ana. Kaka ndiye aliyeuanzisha mradi, na wachangiaji walimwita Mwenyekiti, nusu heshima nusu utani, maana hata kikao cha watu wawili alikifungua kwa utangulizi. Hospitali ya kwanza kuitumia ilikuwa ile ya karibu na kwao, katika wodi ya watoto, na humo ndimo dada yao alimokuwa muuguzi.

Mwezi uliopita, dada akiwa zamu, mtoto mchanga alipewa maji mengi kupita kiasi. Alivimba, pumzi ikamwia shida, akahamishiwa chumba cha mahututi, na alipona kwa tabu. Dada alisema aliandika uzito sawasawa. Kamati ya hospitali ilimsimamisha kazi wakati inachunguza. Mama wa mtoto, ambaye nyumba yake inatazamana na ya kina Kitinda, akaacha kuitikia salamu za dada.

Kitinda hakuwa na sauti hospitalini, basi akafanya alichokijua. Akaweka mkaguzi. Hakuwa mtu. Ilikuwa programu inayosoma msimbo mstari kwa mstari kila mchangiaji anapoleta badiliko, ikitafuta uzembe: thamani iliyosahauliwa, hesabu inayoweza kugawanya kwa sifuri, njia ambayo hakuna aliyeifikiria. Ikiona kosa inakuonyesha mstari wenyewe na badiliko lako halipiti. Ikiridhika, inaweka alama ya kijani kwenye ukurasa wa mbele wa mradi, dunia nzima ione. Siku ile ile alipowashwa, wachangiaji walimbandika jina la Mama Mkwe. Mmoja aliandika, "Nimeleta kirekebisho kidogo tu, Mama Mkwe ananiuliza kwetu hatujui kufagia?" Mwingine akamjibu, "Inamisha kichwa ufagie, mkwe hajibiwi."

Kitinda alimpangia Mama Mkwe kila kitu, lakini mwenye mamlaka ya kumwasha kwa mradi mzima alikuwa Mwenyekiti. Alimkabidhi kaka mkaguzi huyo jioni. Asubuhi akakuta kijani, kijani kitupu, hakuna hata doa. Alikwenda jikoni mbio kumwambia dada, kwa sababu dada alistahili kujua ukweli kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Mashine iko safi, dada. Imekaguliwa yote."

Dada alikuwa anaosha vyombo. Aliiacha mikono yake ndani ya maji kwa kitambo, halafu akasema, "Basi itakuwa mimi."

Na Mwenyekiti naye hakukaa. Aliichukua ile kijani akaipeleka mbele ya kamati, akaeleza kwa lugha yake ya vikao kwamba programu imepita ukaguzi huru wa kiotomatiki na kwa hiyo kosa ni la kibinadamu. Kosa la kibinadamu. Binadamu mwenyewe alikuwa amenyonya titi moja na yeye.

Sasa, siku chache baadaye, ile asubuhi ya kunyamaza. Mchangiaji mmoja mgeni alileta badiliko kwenye faili linalokokotoa dripu. Kitinda alilisoma, akaona kosa la wazi kabisa, la mwanafunzi anayeanza shule, akangoja Mama Mkwe amshukie kijana wa watu. Mama Mkwe hakusema neno. Aliweka kijani akapita. Kitinda aliduwaa. Huyu anayegombana na watu kwa nafasi iliyozidi mwisho wa mstari, leo amepatwa na nini?

Akafungua mipangilio ya mkaguzi. Katikati yake kulikuwa na mstari ambao hakuuandika yeye. Mstari huo ulimwamuru Mama Mkwe asiliangalie kabisa faili la dripu, na pembeni yake kulikuwa na maneno mawili: "muda tu". Jina la aliyeuweka lilionekana hapo hapo, kwa sababu katika miradi huria kila mstari una mwenyewe. Ulikuwa wa Mwenyekiti. Aliuweka jioni ile ile aliyokabidhiwa.

Akafungua kumbukumbu za shughuli za jioni hiyo. Mama Mkwe alikuwa ameshaangalia mara moja kabla ya kuzibwa macho. Alikuwa amesema, kwa maneno yasiyo na mafumbo, kwamba uzito unaotumika kwenye hesabu huenda ni wa mgonjwa aliyetangulia.

Kitinda aliiwasha programu akajaribu kama muuguzi. Akaandika mgonjwa wa kwanza, kijana mkubwa. Kisha, badala ya kumfunga mgonjwa huyo, akarudi nyuma ukurasa mmoja kama anavyofanya mtu mwenye haraka, akamwandika mtoto mchanga. Kioo kilionyesha uzito wa mtoto mchanga, sawasawa kabisa. Maji yaliyotoka kwenye hesabu yalikuwa ya yule kijana.

Kwa hiyo dada aliandika sawa, na alichokiona kwenye kioo kilikuwa sawa. Aliongopewa na mashine ya ndugu zake, na ndugu mmoja alijua.

Kitu cha kwanza alipiga simu wodini. Muuguzi mkuu wa wodi alimsikiliza kwa subira ya mtu anayemsikiliza mdogo wa mtuhumiwa. "Binti, nakuelewa," alisema, "lakini kaka yako ametuhakikishia kwamba iko salama. Nikimwacha yeye nikakusikiliza wewe, nitajieleza vipi?" Kitinda alikata simu, akabeba kompyuta yake mkononi hata bila kuitia kwenye mkoba, akatoka.

Ofisi ya Mwenyekiti ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la kutoa fotokopi, na sakafu yake ilitetemeka kidogo kila mashine za chini zilipofanya kazi. Kulikuwa na meza ndefu isiyolingana na chumba, viti vya wageni ambao hawakuwa wengi, na ubao mweupe wenye malengo ya mwaka. Alama ya kijani alikuwa ameichapisha kwa rangi akaibandika karibu na mlango. Kitinda aliipita bila kuing'oa, na hiyo ilimgharimu.

"Hata hodi hakuna?" Mwenyekiti alisema huku anatabasamu.

"Piga simu wodini waizime programu."

"Kuna nini?"

Kitinda aliiweka kompyuta mbele yake, ule mstari ukiwa katikati ya kioo. Mwenyekiti aliutazama muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji kusomwa. Tabasamu lilimwisha. Akachukua simu akapiga, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile laini ya siku zote. "Muuguzi mkuu, habari za kazi. Tunafanya marekebisho madogo ya kawaida. Kwa leo kokotoeni kwa mkono. Ndiyo, ya kawaida tu. Ahsante sana."

"Madogo ya kawaida," Kitinda alisema.

"Wameizima. Si ndicho ulichotaka?"

"Ulijua."

"Kaa chini tuongee."

"Sikai. Ulijua, ukamziba macho, ukachukua kijani ukaenda kumzika nayo dada."

Mwenyekiti alijifuta uso kwa kiganja. Alisema alikuwa anajipanga. Alisema lile faili ni la zamani, limeguswa na watu wengi, kulirekebisha si kazi ya kukurupuka. Alisema kuna hospitali nyingine zilikuwa zinaangalia ukurasa wao wiki hiyo hiyo, na zikikuta nyekundu zinafunga mlango, na miaka yote ya watu kujitolea inakwenda na maji. "Mradi kama huu unakufa kwa habari moja mbaya, Kitinda. Niliandika muda tu. Nilimaanisha kwa muda tu."

"Muda tu, na dada anashinda jikoni anaosha sufuria zilizokwisha oshwa."

"Usinipandishie sauti. Mimi ni kaka yako."

"Na yeye ni nani wako?"

Mashine za chini zilianza kuchapa, meza ikatetemeka. Mwenyekiti alingoja zitulie kama anayengoja mjumbe mkorofi amalize kuongea. "Sikiliza," alisema. "Tulirekebishe kosa leo, wewe na mimi, kimya kimya. Halafu mwenyekiti wa kamati ninamfahamu vizuri, nitakaa naye. Dada atarudi kazini taratibu, hakuna atakayeumia."

"Atarudi kama nani? Kama mzembe aliyehurumiwa?"

Mwenyekiti alianza kupanga upya karatasi zake mezani.

"Kuna kanuni uliiandika mwenyewe," Kitinda aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda na hakuwa na nia ya kuishusha. "Anayegusa mipangilio ya mkaguzi lazima mtu mwingine aidhinishe. Vijana wa watu wanakesha wakingoja idhini ya kuondoa nukta. Wewe nani alikuidhinishia?"

"Nilijiidhinisha," Mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo.

Kitinda alicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Aliichukua simu yake akampigia dada. Alitaka kumpa habari njema kwa mdomo wake mwenyewe, hapo hapo, kaka akisikia. Dada aliitikia kwa sauti ya mtu aliyetulia, na utulivu huo ndio uliomtia Kitinda wasiwasi.

"Dada, nina jambo la kukwambia kabla hujaenda kwenye kamati."

"Siendi tena, mdogo wangu. Nimeshasaini."

"Umesaini nini?"

"Kwamba ni mimi. Kaka hakukwambia? Alikuja jana wewe ukiwa kazini. Alisema nikikiri mapema hawatanifukuza, watanionya tu na kunihamisha wodi. Alinisaidia hata kupanga maneno." Kulikuwa na mlio wa kiti kuvutwa, dada akakaa. "Usikasirike. Ni kweli lazima niliandika vibaya. Mwanzoni nilikuwa na uhakika, lakini sasa nikifumba macho naviona kabisa vidole vyangu vinakosea."

Kitinda aliitoa simu sikioni. Machozi yalikuwa yamemjaa, ya hasira tupu, na hakuyafuta. Aliilaza simu mezani, akafungua sauti ijae chumba, akaisukuma mpaka mbele ya kaka yake.

"Mwambie."

Mwenyekiti alitikisa kichwa.

"Kama humwambii wewe nitamwambia mimi, na nitamwambia yote."

Mtu aliyezoea kufungua kila kikao kwa utangulizi alikosa pa kuanzia. Alikohoa. "Mdogo wangu," alisema hatimaye. "Ni mimi. Uzito uliandika sawa. Mashine ndiyo iliyokosea."

Kitinda alidhani simu imekatika, akainama kutazama.

"Umejua leo?" dada aliuliza.

Mwenyekiti alimtazama Kitinda kama mtu anayeomba mkono wa kumvusha. Kitinda hakumpa.

"Hapana."

"Jana, uliponiambia niandike neno uzembe kwa sababu litawalainisha, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Kitinda alingoja kilio. Alikuwa tayari kwa kilio, alikuwa tayari hata kwa dada kumsamehe pale pale, kwa sababu maisha yake yote alikuwa mtu wa kusamehe, na alishaanza kuukasirikia msamaha huo kabla haujatoka. Lakini sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa kavu, na hakuwahi kuisikia kwa dada yake.

"Kamati baadaye. Njoo hapa nyumbani kwanza. Tutavuka njia twende kwa mama wa mtoto. Hodi utabisha wewe, na kusema utasema wewe. Mimi nitasimama pembeni nimwangalie uso wake."

"Nitakuja," Mwenyekiti alisema. "Nipe mpaka kesho, nijipange."

"Nimeshavaa viatu," dada alisema, akakata simu.