Maneno ya Mwanvua

Mwanvua binti Mbaruku alikuwa mshonaji wa mtaa wa Mabatini, Mwanza, kabla viongozi wa chama kilichopigania uhuru hawajaisikia sauti yake. Kufikia mwaka 1959, mkutano wa hadhara mjini bila yeye ulionekana haujakamilika. Alikuwa akianza kwa swali lisilohitaji jibu, akarudia neno moja kila mara kwa nguvu zaidi, kisha akanyamaza ghafla mpaka watu wenyewe walimalizie.

Mazoezi yake yote aliyafanya jikoni, mumewe Yahaya akisikiliza.

"Hapo umekwenda mbio," Yahaya alikuwa akimwambia. "Waache wapumue."

Jioni moja alirudi kutoka mkutanoni Buhongwa, koo limekauka kwa hotuba, akakuta mlango umefungwa. Moza, jirani yake, ndiye aliyempa ufunguo.

"Shemeji amepanda meli ya Nansio, kule Ukerewe, dada. Amekwenda kwa dada yake."

"Anarudi lini?"

"Hakusema."

Mwanvua alingoja majuma kadhaa mpaka akachoka, akapanda meli kumfuata. Njia nzima alipanga maneno, midomo ikimcheza, abiria wakidhani anasali.

Alimkuta Yahaya shambani, akipalilia mihogo.

"Nani alinisikiliza kabla sijajulikana?" alianza. "Ni wewe. Nani alinisahihisha? Ni wewe. Nani alinitia moyo? Ni wewe. Na leo nyumba ile, meza ile, kitanda kile..."

Akanyamaza.

Yahaya aliegemea jembe. "Hapa ndipo wanapopiga makofi," alisema taratibu. "Nakujua, Mwanvua. Mwishoni hata chumvi ulikuwa unaniomba kama uko jukwaani. Nikawa nakaa na wewe, lakini sina wa kuzungumza naye."

Mwanvua alitafuta jibu. Kila lililomjia lilikuwa limekwisha kupangwa vizuri, akaona aibu kulitoa.

"Chakula hakinishuki," alisema mwishowe, sauti imempasuka. "Nakula peke yangu, na hakishuki."

Yahaya alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Akampeleka nyumbani kwa dada yake, wakala samaki katika sahani moja, wakazungumza habari za mvua na za majirani mpaka Mwanvua akacheka. Meli ilipokaribia kuondoka, Yahaya alimsindikiza gatini.

"Leo nimekusikia," alimwambia. "Lakini hapa nimetulia. Sirudi."

Mwanvua hakubishana. Alimpa mkono, akapanda.

Aliendelea kuhutubia. Desemba ya 1961, siku ya kusherehekea uhuru, uwanja ulifurika, na alipomaliza vigelegele havikukoma. Msichana mmoja alipanda jukwaani kumshika mkono.

"Shikamoo mama. Nani alikufundisha kusema hivi?"

"Marahaba. Mume wangu."

"Yuko wapi tumpongeze?"

"Yuko Ukerewe, mwanangu. Analima."

Msichana alicheka, akadhani ni utani, akakimbilia ngoma. Mwanvua alikaa kwenye kiti cha mbele, akiwaangalia watu wakicheza, mpaka vijana wa chama walipokuja kumwomba ainuke wakusanye viti.