Neno la Bibi Solveig

Gaudiosa alifika Stockholm mwaka 1971 akiamini kwamba Kiswidi anakijua nusu. Alikuwa amefanya kazi na wauguzi Wanorwe katika hospitali ya misheni huko Mbulu, na Kinorwe chao alikiongea mpaka wakamtania. Lakini katika nyumba ya wazee ya Hagsätra alikopelekwa mafunzoni, muuguzi mkuu, Birgit, akamkata maini mapema.

"Hii ø yenye mstari wa kuikata ni ya kwao," alisema akionyesha daftari la Gaudiosa. "Sisi tunaandika ö, nukta mbili juu. Kinorwe kiache mlangoni. Lugha zetu zinafanana, ndiyo maana zitakuponza."

Gaudiosa akatii. Akajizoeza kusikia Kiswidi tu, hata kwa Bibi Solveig, mmoja wa wazee wa pale, mjane wa Mswidi lakini mzaliwa wa Bergen huko Norwe, ambaye hakuwahi kuiacha lugha ya kwao.

Kila Jumapili alasiri alikuja Torsten, mpwa wa marehemu mumewe, mtu wa sauti ya chini. Alileta maji ya matunda kwenye chupa yake mwenyewe, akafunga mlango na kumnywesha. Baada ya hapo Bibi alilala fofofo mpaka mchana wa kesho yake.

"Han er rar," Bibi alimwambia Birgit siku moja, macho yake mlangoni.

"Kweli, mtu mwema sana," Birgit alijibu akitabasamu, maana kwa Kiswidi rar ni mwema. Gaudiosa naye akaitikia kwa kichwa.

Baridi ilipoanza, Torsten aliomba kumpeleka Bibi akapumzike kwenye nyumba yake ya msituni. Birgit akaruhusu. Gaudiosa alipokuwa akimvika koti, Bibi alimkamata mkono kwa nguvu.

"Jeg er ikke rolig når han er her."

"Hata usipochangamka si neno, Bibi," Gaudiosa alimjibu kwa Kiswidi, akamalizia vifungo.

Jioni, akimenya viazi, alimsimulia Mueni, Mkenya aliyekaa naye nyumba moja.

"Maskini, anaona haya kwamba akija yule mpwa yeye hachangamki."

"Alikwambia hivyo kwa lugha gani?"

"Kinorwe. Alisema si rolig, yaani..."

Kisu kikasimama. Kwa Waswidi rolig ni mchangamfu, wa kufurahisha. Lakini kule Mbulu, Wanorwe walilitumia neno hilo kumtuliza mgonjwa kabla ya sindano.

"Mueni, alisema hana utulivu mtu yule akiwapo! Na rar kwao ni mtu wa ajabu, asiyeeleweka. Mungu wangu, nami nimemfunga koti!"

"Dada, piga simu. Sasa hivi."

Birgit alimsikiliza mpaka mwisho. "Polisi watanicheka," alisema. Hata hivyo akawapigia.

Walimkuta Bibi kwenye baraza la vioo la nyumba ile ya msituni, ndani ya gauni la kulalia, midomo ya bluu, bado anapumua. Mlango wa kuingia ndani ulikuwa umekomewa kwa upande wa pili. Jikoni jiko lilikuwa la moto na kahawa imemiminwa. Torsten hakuwapo.

Bibi akarudishwa, akahamishiwa chumba cha ndani. Gaudiosa alimlisha uji kwa kijiko, akimsemesha Kinorwe bila kumjali mtu. Siku ya tatu Bibi aliweza kushika kikombe mwenyewe.

Siku hiyohiyo simu ya ukumbini ililia. Gaudiosa akaipokea.

"Habari za mchana," ilisema sauti ya chini, ya upole. "Bibi Solveig amelazwa chumba kipi siku hizi?"