Chai ya Marseille

Habari yenyewe ilianzia kwenye ukumbi wa kanisa, huku kwetu Dixon Road, Toronto, wakati wa chai baada ya ibada. Aliyeileta ni Otilia, Mtanzania anayesuka watu nywele sebuleni kwake. Alisema kuna mama mmoja wa Brampton, mji wa jirani, alipanda meli ya kitalii huko Ulaya. Meli ikafika bandari fulani, yule mama akashuka kutembea, akakutana na mwanamke mweusi mwenzake anayeongea Kiswahili kizuri kabisa. Akakaribishwa chai.

"Ile kunywa tu," Otilia akasema, "hakujua tena kilichoendelea. Kuja kuzinduka, meli imeshaondoka. Na pasipoti imo melini."

"Anaitwa nani?" Mama Michelle akauliza.

"Jina sikutajiwa. Ila ni mtu wa Brampton."

Mama Michelle alitoka ukumbini na nusu ya andazi mkononi, amesahau kulila. Wengine walicheka wakaenda zao. Yeye alikuwa na sababu ya kutocheka, kwa kuwa binti yake Michelle, ambaye ni nesi, alikuwa amemlipia safari ya meli hizo hizo apumzishe mgongo. Na tiketi zikiwa zimeshakatwa, serikali nayo ikamwita: aje kula kiapo cha uraia Jumanne, siku chache tu baada ya kurudi. Kiapo hicho alikuwa amekingoja tangu Michelle akiwa shule ya msingi. Kwa jinsi alivyoelewa yeye, ukikosa siku yako unarudi kwenye foleni, na mwisho wa foleni hiyo hakuna anayeujua.

"Mum, hiyo ni story ya saluni," Michelle alimwambia.

"Na mimi nywele nasukwa wapi?"

Wakasafiri. Melini, jambo la kwanza lililomwondolea mama usingizi ni kwamba pasipoti yake ya Kenya ilichukuliwa ikawekwa ofisini kwa sababu ya viza, wakati Michelle alibaki na yake ya Kanada kwenye pochi. Otilia alikuwa amesema pasipoti imo melini. Sasa imo melini kweli.

Siku ya Marseille walishuka asubuhi. Bandari ya meli kubwa iko mbali na mji, kwa hiyo kuna basi la kuwapeleka watu hadi mtaa wa Joliette na kuwarudisha. Mwenye basi alisema la mwisho linaondoka saa kumi. Mama Michelle alimrudishia swali mara mbili, kisha akamwambia Michelle naye aulize.

Kutoka Joliette walikwenda kwa miguu. Walipita chini ya kanisa kubwa la mawe ya mistari, meupe na ya kijani, wakapanda mtaa wa zamani unaoitwa Panier. Vichochoro ni vyembamba, nguo zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha, na ngazi za mawe zimelika katikati kwa nyayo za watu. Michelle alisoma kwenye simu kwamba Wayunani walikuja hapa kwa bahari miaka elfu mbili na mia sita iliyopita. Mama yake alikuwa akiwaza mzee wa hapa anapandishaje mtungi wa gesi. Kila kona aligeuka kuitazama nyuma, maana njia unayokwenda ina sura moja na unayorudi ina nyingine. Duka la mikate lenye mlango wa buluu. Paka kwenye pikipiki. Ukuta uliochorwa jogoo.

"Paka ataondoka, Mum."

"Pikipiki itabaki."

Walikuwa wanateremka ndipo aliposikia sauti. Mwanamke wa makamo, kajifunga leso, alikuwa akikung'uta mkeka mlangoni na kumsemesha jirani wa ghorofani. Lugha yenyewe unaidaka nusu, nusu inakuponyoka. Kabla hajajizuia, Mama Michelle akasema, "Habari za hapa, dada."

Yule mwanamke akageuka. "Njema. Mwatoka wapi nyie?"

Kilikuwa Kiswahili cha Unguja, kimenyooka. Aliitwa Bi Echati, Mngazija aliyelelewa Zanzibar, akaja Marseille kuolewa, mume akafa akabaki. Akaukunja mkeka kwapani. "Karibuni ndani mnywe chai."

Mwanamke mweusi mwenzake. Kiswahili kizuri kabisa. Chai. Vyote vitatu vilikuja kwa mpangilio ule ule wa ukumbi wa kanisa. Mama Michelle akamtazama binti yake amkonyeze wakatae. Michelle alikuwa ameshavua viatu.

Ndani mlikuwa safi, mna harufu ya iliki. Michelle alipewa sambusa na chai, akala, akanywa, akaonyeshwa picha za harusi. Mama Michelle alipewa kikombe chake, akakigusisha mdomoni, akakirudisha. Akasifu mapazia. Akakigusisha tena.

Bi Echati akakitazama. "Imepoa hii. Chai ikipoa ndiyo basi tena." Akaimwaga, akabandika nyingine, na hakuwa mtu wa kuharakisha chai: tangawizi ikatwangwa, maziwa yakachemshwa, yakashushwa, yakarudishwa. Cha pili kikaja. Mama Michelle akakigusisha mdomoni, akasifu zulia.

"Utamu haukukolea," Bi Echati akasema mwishowe. "Watu wa bara mwapenda sukari." Akatoka kwenda kuomba sukari kwa jirani, na huko akasikika akianza maongezi mapya.

Michelle akainama. "Mum, kunywa hiyo chai twende. Hawezi kutuachilia kama hujamaliza."

"Wewe umekunywa?"

"Viwili."

"Na uko sawa?"

"Mum."

Bi Echati akarudi na sukari, akakimwaga cha pili, akaleta cha tatu. Mama Michelle alikinywa kikiwa moto, akaungua ulimi, hakuonja hata hiyo tangawizi. Akasubiri kizunguzungu. Hakikuja. Akasimama kuaga.

"Ngojeni nivae viatu," Bi Echati akasema. "Nawasindikiza."

Hapo ndipo walipochelewa zaidi. Bi Echati alikuwa na goti bovu. Alishuka ngazi moja, akapumzika, akamwamkia mtu dirishani, akashuka nyingine. Michelle alitaka kutangulia mbio, mama yake akamshika mkono. Anayesindikizwa hamwachi nyuma anayemsindikiza. Angesema tu, "Dada, tunakimbilia basi," lakini mgeni aliyekula kwako, tena aliyekumwagisha chai mara mbili, atakuambiaje kwamba ana haraka? Wakampita jogoo. Wakaipita pikipiki, paka hayupo. Walipofika Joliette saa kumi ilikuwa imepita, na mahali pa basi palikuwa peupe.

Mama Michelle alikaa kwenye ukingo wa barabara. Aliiona Jumanne. Aliwaona watu wamesimama, wameinua mkono, jina lake linasomwa na hakuna anayeitika.

"Una nini?" Bi Echati akauliza.

Michelle akamweleza: meli, pasipoti, kiapo.

"Na nyie mmekaa mwaniangalia mazulia? Mbona hamkusema?"

Hakungoja jibu. Akaingia barabarani na goti lake, akanyoosha mkono mbele ya teksi mpaka ikasimama, akawasukuma nyuma, na yeye akakaa mbele. Kumbe kusindikiza kwake kulikuwa hakujaisha.

Njiani Mama Michelle alishindwa kuvumilia. "Dada, nisamehe. Ile chai sikuinywa kwa sababu kwetu tumeambiwa kuna wanawake huku wanatia watu dawa."

Bi Echati aligeuka akamwangalia, kisha akacheka mpaka dereva akamtazama. "Na sisi hapa twaambiwa tusiwakaribishe watu wa meli. Wakitoka, mkufu haupo."

Kwenye lango la bandari mlinzi alikataa: teksi haina kibali, watembee, na meli yenyewe iko mwisho kabisa wa gati. Bi Echati akashuka, akamsogelea, akamwambia maneno kwa Kifaransa. Michelle, aliyesoma lugha hiyo shuleni Toronto, alimtafsiria mama yake baadaye: "Huyu ni dada yangu. Akiachwa leo, atalala kwako, na mkeo utamweleza wewe." Lango likafunguliwa. Bi Echati alibaki pale pale, maana yeye hakuruhusiwa kupita, akawapungia kwa ncha ya leso.

Baharia mlangoni mwa meli aliangalia saa, akawaangalia wao, akawapisha. Nyuma yao ngazi ikainuliwa.

Jumanne Mama Michelle aliinua mkono na jina lake likasomwa. Jumapili akaenda kanisani. Otilia akamkumbatia kabla hajafika penye chai.

"Pole sana, mama. Tumesikia. Wamekunywesha dawa huko, ukaachwa na meli."

"Nani kakuambia?"

"Kuna mtu wa Brampton."

Na Brampton Mama Michelle alikuwa amempigia simu wifi yake tu, akamwambia kwamba walinusurika kuachwa. Basi jioni ile alikaa mezani akawaandikia akina mama kwenye kundi la simu, kwa mkono wake, ili ikifika mbali ifike ilivyo. Akamalizia hivi:

Mambo ya kuepuka mkishuka melini.

Msishuke bila kujua basi la mwisho ni saa ngapi na mnalipandia wapi.

Msiiache pasipoti melini bila kuwa na picha yake kwenye simu.

Viatu vipya kwenye ngazi za mawe, hapana.

Msijifanye mnakunywa. Kama hutaki, sema una tumbo. Kama unataka, maliza twende.

Msione haya kumwambia mwenyeji mna haraka, na mseme mkiwa bado mlangoni, si mkishakalia mkeka.

Msikubali kusindikizwa na mwenye goti bovu kama mna saa ya kufika. Agana naye ndani.

Msisambaze habari ya mtu asiye na jina.

Msisafiri mkiwa na tarehe ya kiapo. Ningejua, ningekwenda mwezi uliofuata.