Ngazi Kumi na Saba

Bahari haikuwepo siku niliyofika kuiona. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa hapa Panda, mtaa wetu wa Likasi, wakisikia nilikwenda Uingereza kutembea, wanataka niwapigie stori za mawimbi makubwa, na mimi si mtu wa kudanganya habari za maji. Nilidanganya mara moja tu maishani mwangu. Ile moja ilinitosha.

Jina langu ni Déogratias. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mtu wa pampu katika mgodi wa wazi. Mvua ikinyesha, maji yanaingia shimoni. Isiponyesha, yanachuruzika kutoka chini ya mawe, taratibu, bila haya. Pampu zikinyamaza usiku mmoja, asubuhi shimo ni ziwa. Kila robo saa nilisoma ubao wa namba uliopigiliwa ukutani mwa shimo, nikaandika katika daftari maji yamefika wapi. Wakubwa walikuja na kuondoka, mimi na maji tulibaki palepale tukitazamana kwa hasira.

Jioni nikirudi nyumbani, mke wangu Fidélie hakuniuliza kama nimechoka. Aliweka bukari, ugali wetu, mezani, akafunua sombe ya majani ya muhogo, akasema:

"Leo mayi ilifika wapi?"

Nami nikamtajia namba. Namba zikipanda, alifunga mlango mapema na kusali zaidi kidogo. Zikishuka, aliosha vyombo akiimba. Sijui watu wengine katika ndoa zao wanaongea nini. Sisi tuliongea hivyo, na nilikuwa na raha.

Mtoto wetu wa kwanza aliitwa Jimmy. Kwa hiyo mimi nilikuwa Baba Jimmy na yeye Mama Jimmy, kama desturi ilivyo, ingawa baadaye alizaliwa Laure. Jimmy hakupata kazi kwenye kampuni. Alichimba kwa mikono pamoja na vijana wenzake, katika shimo moja nje ya mji, na mwezi wa pili, miaka kumi na miwili iliyopita, baada ya mvua ya siku nne, maji yalipasua ukuta wakiwa ndani. Sita walipanda juu. Yeye hakupanda.

Nilikuwa nimeshastaafu. Nilikimbia nikaazima pampu ya mota, nikamwita Samy, msaidizi wangu wa zamani, tukaiwasha. Nilichomeka kijiti ukingoni, nikakichora alama kwa kisu, nikaanza kusoma kila robo saa kama nilivyozoea. Akina mama walikuwa wamekaa chini, vitenge vimefunika vichwa. Jioni ya siku ya pili Fidélie aliinuka kati yao, akanijia.

"Baba Jimmy, mayi imefika wapi?"

Nilitazama kijiti. Maji yalikuwa palepale.

"Inashuka," nikamwambia.

Akaenda nyumbani kupika. Alipika bukari ya watu wanne, kwa sababu mtu akitoka majini anakuwa na njaa. Siku ya tatu pampu iliungua. Mtoto walimtoa siku ya nane.

Tangu hapo Fidélie hakuniuliza tena. Si kuhusu maji, si kuhusu kitu chochote cha kupanda na kushuka. Na akaanza kuniita Baba Laure. Hakugombana nami, hakunifokea, alinifulia mashati na kunipikia. Lakini ile sauti ya kuuliza ilikwisha, na nyumba yetu ikawa kimya kama pampu zilizozimwa. Ningetoa jicho langu moja ili aniulize tena.

Mwaka huu Laure, ambaye anafanya kazi Uingereza katika nyumba ya kutunza wazee, alitutumia tiketi. Daktari alisema moyo wa Fidélie usiguse ndege, hivyo nikaenda peke yangu. Kila mtu aliniagiza kitu. Shemeji yangu Georgette alitaka viatu, jirani Kabamba alitaka kofia ya sufu. Fidélie alinifunga kifungo cha koti, akasema tu:

"Weye utaenda kuona mayi yenye pompe yako haiwezi."

Hakuwa ameuliza. Lakini kwa miaka kumi na miwili hilo lilikuwa neno la karibu zaidi, na nilisafiri nalo mfukoni, pamoja na daftari jipya nililolinunua pale sokoni bila kujua la nini.

Laure alinipeleka mji mdogo wa pwani, na jina lake kila nikijaribu kulitamka anacheka mpaka anashika tumbo. Tulifika kwa basi mchana, mwezi wa sita, wakati ambapo huku kwetu ni baridi na vumbi. Kulikuwa na ukungu mwembamba, jua limo ndani yake likiwa jeupe. Nyumba zilipakwa rangi za peremende. Wazee walikaa kwenye viti vya kitambaa, wote wametazama upande mmoja, hawasemi, na mimi nikadhani tumeingia kanisani katikati ya misa.

Nikafika kwenye ukuta, nikatazama walikotazama. Hakukuwa na kitu. Matope tu, ya rangi ya kahawia, yanang'aa, yanakwenda mpaka yanaingia katika ukungu. Mashua zilikuwa zimelala ubavu. Punda wenye kengele shingoni walikuwa wanawatembeza watoto mchangani polepole, na sauti ya kengele ilitufikia imechelewa. Kulikuwa na daraja refu la chuma limesimama kwa miguu mingi juu ya matope. Lilikwenda, likaenda, likakatika. Ng'ambo haikuwepo. Watu walilipa ili watembee mpaka pale lilipokatika, wale barafu tamu, ile glace, warudi. Nikasema moyoni, hawa watu wana amani.

Harufu ndiyo iliyonishtua. Ilikuwa harufu ya chini ya shimo, siku ile pampu zimeshinda na sakafu inaonekana. Niliijua kuliko manukato ya mke wangu. Nikasikiliza mota iko upande gani.

"Laure, banani balipiga pompe hapa?"

"Pompe gani, Papa?"

"Mayi balitoa. Wee angalia, ile pale bomba." Na kweli kulikuwa na bomba kubwa limetokeza chini ya ukuta. "Shimo ya hivi kubwa, iko na lazima ya pompe makumi. Balipeleka mayi wapi?"

Laure hakucheka mara hii. Aliniona uso.

"Papa, hapana. Hakuna mutu alitoa. Mayi inaenda yenyewe, kisha inarudi yenyewe. Kila siku mara mbili. Mwezi ya kule juu njo inaivuta."

"Mwezi?"

"Oui, Papa. Mwezi."

Nilitazama juu. Katika ukungu, kweli, ulikuwepo mchana kweupe, umefifia, nusu yake tu.

"Pompe gani yenye haina makelele?" nikamwambia. Sikuamini. Mtu aliyefanya kazi na maji hawezi kuamini kwamba yanaondoka kwa hiari yake.

Tulikula samaki aliyevikwa unga, na viazi, bila bukari, kwa hiyo sikuhesabu kwamba nimekula. Kisha nikatafuta pa kukaa. Ukutani kulikuwa na ngazi za mawe zinazoshuka kwenda mchangani. Nilizihesabu kutoka juu: kumi na saba. Kuanzia ya tano kwenda chini zilikuwa na majani mabichi ya utelezi, na hapo nikajua, kwa sababu ukuta hausemi uongo, kwamba maji huwa yanafika pale. Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe. Nikatoa daftari, nikapiga mistari. Nikaandika: ngazi ya kumi na saba, kavu.

Kila robo saa nikaandika. Kavu. Kavu. Laure alikwenda kutazama maduka, akarudi, akaninunulia kahawa, ikapoa. Saa zikawa zinapita bila kunigusa. Nilisinzia kidogo nadhani, maana nilimwona Jimmy anatembea mbali kule kwenye matope, suruali amekunja, gunia halipo mgongoni, hana haraka. Nilipofungua macho ukungu ulikuwa umeondoka, na mahali alipokuwa anatembea kulikuwa na mstari wa fedha.

Mstari ule ulikuwa maji. Yalikuja bila kelele, membamba kama shuka inayotandikwa. Yaliingia katika nyayo za punda kwanza, moja moja. Yaligusa mashua zikatikisika, zikainuka zote, ubavu zilizolalia ukiwa bado unadondosha matope. Kila kitu ndani yangu kilisema simama, piga honi, watoe watu shimoni. Nikatazama kulia na kushoto. Hakuna aliyekimbia. Mama mmoja alivuta kiti chake nyuma hatua mbili akaendelea kusoma gazeti.

Ngazi ya kumi na sita. Ya kumi na tano.

"Papa," Laure akasema, "bus inaenda. Ni ya saa kumi na moja. Na minye niko na kazi usiku."

"Nenda. Minye nitabakia."

"Utabakia na nani? Kizungu haujue hata neno moja!"

"Laure, ukurasa siwezi kuifunga kama mayi haijageuka. Hii njo kazi."

Alikasirika, na alikuwa na haki. Alifungua mdomo kunijibu, macho yake yakaangukia daftari: saa upande huu, namba upande ule. Alikuwa na miaka kumi na sita mwaka ule wa shimo. Alibeba maji ya kunywa kutuletea pale ukingoni na aliona jinsi nilivyokuwa naandika. Akachukua simu, akampigia mwenzake Carmel amshikie kazi, akakaa kando yangu kwenye jiwe. Aliegemea bega langu kama zamani, na basi letu likapita nyuma yetu.

Ya kumi. Ya nane. Jua la kule mwezi wa sita halijui kwenda kulala. Lilikaa tu juu ya maji, la njano, na daraja lile la chuma sasa likawa limesimama baharini na kuwa na maana. Ya sita. Ya tano, pale majani yalipoishia. Maji yalilamba ngazi ya tano robo saa nzima. Nilisubiri yapande. Nilikuwa nimeshika kalamu kwa nguvu, vidole vinauma.

Yalishuka. Hakuna mota iliyolia, hakuna mtu aliyetoa amri. Jiwe lililokuwa limelowa likaachwa limelowa, na maji yakaanza kurudi yalikotoka. Nililia mbele ya wazungu wote wale, na sikuona aibu hata kidogo.

Nilirudi Likasi wiki mbili baadaye. Lupango, ua wa nyumba yetu, ilijaa watu. Georgette alivaa viatu palepale, vikambana, akasema ni vizuri. Kabamba alivaa kofia. Waliuliza habari za mfalme, bei ya nyama, kama ni kweli watu wa kule wanazika mbwa. Fidélie alikaa barazani akimenya viazi vitamu, akinisikiliza kwa sikio moja.

Wageni walipoondoka, jua bado liko juu ya vilima, niliketi karibu naye. Sikujua nianze vipi. Nikatoa daftari nikaliweka kwenye goti langu, basi. Alilitazama. Kisu kikasimama katika kiazi.

Akamenya kimoja. Akamenya cha pili. Kisha, bila kuinua kichwa:

"Mayi ilifika wapi?"

Nikafungua ukurasa, nikamsomea. Ngazi ya kumi na saba, kavu. Kavu. Kavu. Kumi na sita. Nilisoma kwa sauti ile ya kazini, bila haraka, na yeye alikuwa anatikisa kichwa kila namba.

"Na bantu balikimbia?"

"Hapana. Balikuwa banakula glace."

"Batoto?"

"Bote balikuwa pale."

"Kisha?"

"Ilifika ku ya tano, ikasimama. Kisha ikarudi."

"Nani aliirudisha?"

"Hakuna mutu. Inarudi yenyewe. Kila siku."

Alifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nafunga daftari aliposema:

"Na ile ingine, ya shimo? Siku ya pili. Ilifika wapi?"

Namba ile haikuwemo katika daftari lile. Sikuhitaji kuisoma.

"Haikushuka, Mama Jimmy. Hata kidole."

Kuku wa jirani walipita mbele yetu, wakala maganda, wakaenda zao.

"Nilijua," akasema. "Kijiti nilikiona, minye pia niko na macho. Lakini weye ulikuwa unaniangalia vile, ukiomba nikuamini. Njo maana nikaenda kupika."

Alinyoosha mkono, akalifungua tena daftari juu ya goti langu, akausawazisha ukurasa kwa kiganja chenye utomvu wa viazi.

"Soma tena, Baba Jimmy. Anzia chini."

Nikaanza na ngazi ya kumi na saba.