Jina Chini ya Kazi

Mimi ni mdadisi, sikatai, na mwaka ule udadisi wangu wote ulikuwa juu ya Sentineli. Alilinda lango la ofisi yetu ya misaada hapa Bunia, na hatukujua jina lake. Tulijua tu kwamba vita vilimtenganisha na dada yake, na kila lori la kutoka mji wa Kpandroma likipita alikwenda kuulizia.

Redio ilisema vita vimekwisha. Lakini jina bado lilitaja kijiji cha mtu, na kijiji kilitaja upande wake. Basi tuliitana kwa kazi: Shofa, Mupishi, Sekretere. Sekretere ndiye mimi.

Kisha wakubwa wakaagiza vitambulisho vya Kiingereza: jina juu, kazi chini. Sentineli akaja kuchungulia nikichapa.

"Mama Sekretere, juu ya nini *Director* iko na letre kubwa, na *guard* yangu iko na kadogo?"

Nilifurahi. Ni nadra kuulizwa kitu ninachokijua.

"Kwa Kiingereza, Papa, kazi ni neno ya watu wote, inaandikwa na herufi kadogo. Inapata kubwa kama inatangulia jina: *Director David*. Huyu wetu amejipa kubwa hata peke yake. Siye tutamwambia nini?"

Akacheka. "Na kama watu wananiita Sentineli tu, bila jina?"

"Hapo inakamata nafasi ya jina. Inakuwa kubwa."

"Basi andika *Guard* juu, na kubwa. Chini *guard*, na kadogo. Jina uache. Ku barrière ya barabarani, vijana wa bunduki wanasoma jina mbele ya kuangalia sura."

Nilitamani sana kulijua, lakini nikachapa alivyotaka. Akakivaa kwa raha.

Wiki iliyofuata, akiwa amekwenda kununua chikwangue, mkate wetu wa muhogo, mwanamke mmoja alifika mlangoni mwangu na kifurushi kichwani.

"Natafuta Dheda Athanase. Waliniambia anatumika kazi hapa."

Nilikumbuka vitambulisho vyote nilivyochapa. "Hayuko, mama. Hatuna mutu wa jina ile."

Alishukuru, akaondoka. Sentineli aliporudi nikamsimulia, kwa kupiga soga tu. Chikwangue ikamdondoka.

"Alienda wapi?"

"Ku parking ya malori."

Sijawahi kuona mzee akikimbia vile. Nilikaa nikijichukia: mtu alimwulizia ndugu yake, nami nikamfukuza kwa adabu. Nikasikia lori likinguruma, nikadhani limeondoka na dada yake.

Walirudi wawili, wamejaa vumbi, wameshikana mikono kama watoto. Sentineli alivua kitambulisho akakiweka juu ya meza yangu.

"Andika Dheda Athanase. *Guard* iache kadogo."

"Na barrière, Papa?"

"Wasome."

Nikaketi kuchapa. Dada yake alisimama nyuma yangu, akifuata kila herufi kwa kidole.