Moja Nukta Sita

Jina alilopewa na wazazi wake lilikosa kazi tangu alipokuwa darasa la nne, kwa kuwa mtaa mzima ulimwita Namba Wani na yeye akazoea kuitika. Walimu walimwita hivyo kwa fahari, wenzake kwa kijicho, na baba yake, fundi cherehani, kwa sauti iliyotosha kuwafikia wateja wa duka la jirani. Hata mama yake, mwanamke asiyependa makuu, alipotaka aletewe maji alisema "Wani, hebu njoo," kana kwamba kufupisha sifa ni namna ya unyenyekevu.

Alipoingia chuo kikuu kusomea upimaji ardhi, aliketi safu ya mbele ya ukumbi wa mihadhara, mahali alipokaa maisha yake yote, na somo la kwanza alilolipata pale halikuwa kwenye ratiba. Ukumbi ule ulijaa watu waliokuwa wa kwanza. Kila mmoja alikuwa na mtaa wake uliomshangilia na mzazi wake mwenye sauti kubwa, na kila mmoja alitaka safu ya mbele. Ilikuwa dhahiri kwamba hata watu wa kwanza wakipangwa upya, lazima apatikane wa mwisho. Namba Wani aliliona jambo hilo kuwa kweli, na la kusikitisha, kwa upande wa wale wengine.

Muhula wa kwanza walipelekwa uwanjani kujifunza kupima miinuko. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Darubini husimamishwa juu ya miguu mitatu na kulazwa sawasawa. Mwenzako husimama mbali ameshika ubao mrefu wenye namba zinazoanzia chini. Wewe huchungulia na kuandika namba unayoiona. Mhadhiri, mzee mwembamba aliyevaa kofia ya jua hata ndani ya nyumba, alieleza mara moja tu kwamba namba kubwa maana yake ardhi iko chini, kwani ubao ukisimama bondeni darubini hukutana nao karibu na kilele chake. Namba Wani hakuuliza swali. Katika shule aliyotoka, wanaouliza walikuwa wale ambao hawakuelewa, na hakuwahi kuwa mmoja wao. Namba kubwa akaiandika mlimani, namba ndogo akaiandika bondeni, akachora mtaro wa maji kwa kalamu ya wino, mchoro safi kuliko yote darasani.

Mhadhiri aliuinua juu watu wote wauone.

"Bwana huyu amechimba mtaro unaopandisha maji," alisema. "Tumpigie makofi."

Walimpigia.

"Mwalimu, mimi nilidhani…"

"Najua ulichodhani. Ila maji hayajui kwamba ulikuwa wa kwanza shuleni."

Mitihani ilipopita, matokeo yalibandikwa ukutani. Hapa inafaa kusema jinsi watu wa nyumbani kwao walivyozoea kupima akili. Katika shule za sekondari za huko, mwanafunzi alijumlishiwa pointi, na pointi zilikuwa kama makosa ya dereva: zikipungua ndivyo unavyosifiwa. Mwenye chache aliitwa kichwa, mwenye nyingi alitafutiwa kazi ya mikono. Chuo kikuu kilifuata njia nyingine. Wastani ulipanda hadi tano, tano ndiyo ilikuwa kilele, na aliyeshindwa kufika mbili aliwekwa chini ya uangalizi kwa muhula mmoja. Akishindwa tena, alifungasha virago. Namba Wani alipata moja nukta sita.

Alimpigia baba yake simu siku ileile, kwa sababu alikuwa mkweli na kwa sababu hakujua la kufanya. Alikuwa ameyapanga maneno yote: angetaja namba, angeeleza, angeomba radhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Wani! Enhe, yametoka?"

"Yametoka. Moja nukta sita, baba."

Alivuta pumzi ili aeleze. Hakupata nafasi.

"Moja!" Baba yake alikuwa amegeuka kuwatazama waliokuwemo dukani; ilisikika kwenye sauti. "Jamani, kijana ana moja nukta sita! Mama Wani! Mama Wani, acha hivyo vyombo!"

"Hiyo nukta ni ya nini?" mteja mmoja aliuliza kwa mbali.

"Nukta ni ya chuo kikuu. Wewe ungeijulia wapi?"

"Baba, subiri kidogo," alisema Namba Wani.

"Nisubiri nini tena, mwanangu? Nimesubiri miaka yote hii!" Sauti ilikwaruza, kisha ikafifia, na baada yake zilisikika vigelegele vya mama yake, mwanamke asiyependa makuu.

Yapo mambo ambayo mtu akiyaacha yapite kwa dakika moja hayarudi tena kuomba ruhusa. Jioni hiyohiyo fundi alikata koti. Kitambaa kilikuwa cha buluu nzito, alichokitunza kabatini kwa mteja ambaye hakutokea, na alilikata bila vipimo, kwa kukumbuka mabega. Kila alipopiga simu alitoa taarifa za koti: bitana imeingia, mfuko wa ndani umewekwa kwa ajili ya kalamu, vifungo vimebadilishwa kwa sababu vya kwanza vilikuwa vya kitoto. Lilipokamilika alilitundika mlangoni mwa duka, mahali ambapo mafundi wengine hutundika nguo za kuuza, na kila aliyeuliza bei aliambiwa kwamba hilo haliuzwi. Mwenyewe yuko chuo kikuu, ana moja.

Namba Wani alikuwa na mwenzake chumbani, kijana mnene aliyegombea kila cheo cha serikali ya wanafunzi na kwa sababu hiyo akaitwa Mheshimiwa.

"Si umwambie tu mzee?" alisema Mheshimiwa, akinyoosha shati lake chini ya godoro, njia aliyoiamini kuliko pasi. "'Baba, huku ngazi imegeuzwa.' Basi. Maneno manne."

"Mwambie wewe."

"Wangu alisoma hapahapa. Nikimtajia namba ananitafsiria kabla sijamaliza, na matusi juu. Wewe una bahati ya kuwa na baba asiyejua."

"Hiyo ndiyo bahati?"

"Mkuu, watu wanatafuta cheo, wewe umepewa na koti juu. Unalia nini?"

Chini ya utaratibu wa uangalizi, alitakiwa kumwona mshauri wa wanafunzi. Mama huyo alikuwa mpole kupita kiasi. Wanafunzi walimwita Mama Chanya, naye alilijua jina hilo na kulipenda. Ofisini mwake palikuwa na maua ya plastiki yaliyofutwa vumbi kila siku na picha ya jua ambalo mtu hakuweza kujua kama linachomoza au linazama.

"Mwanangu, wewe si alama zako," alimwambia.

Namba Wani alilifikiria jambo hilo kwa uzito wake wote. "Sasa mimi ni nani?"

Mama Chanya aliitazama saa ya ukutani. "Swali zuri sana. Tutalizungumza siku nyingine. Nyumbani umewaambia ukweli?"

"Nimewatajia namba yenyewe."

"Vizuri! Wakaipokeaje?"

"Walifurahi."

Mama Chanya aliweka kalamu chini, macho yamemlowa. "Unajua ni wanafunzi wangapi wangetamani familia kama hiyo? Shukuru, mwanangu. Kila asubuhi simama mbele ya kioo, ujiambie: naweza."

Kioo kilikuwa bafuni, kikitumiwa na ghorofa nzima. Alijaribu mara moja, na jirani aliyekuwa akipiga mswaki akamuuliza anaweza nini hasa. Hakurudia.

Kilichomwokoa, kama neno hilo linafaa, kilikuwa hofu. Aliliona koti lile kila alipofumba macho, likiwa limetundikwa mlangoni na mabega yake yamejaa upepo, na aliona jinsi litakavyotazamwa siku atakaposhuka na begi lake. Alihama safu ya mbele akakaa karibu na watu waliokuwa wakiuliza maswali. Siku moja alimfuata mhadhiri baada ya kipindi na kutamka neno ambalo midomo yake haikulizoea.

"Mwalimu, sijaelewa."

"Wapi?"

"Tangu mwanzo."

Mhadhiri alimtazama chini ya kofia yake bila huruma yoyote, jambo lililomfariji. "Basi nenda ukashike ubao. Wiki nzima. Usiguse darubini."

Akashika ubao. Alisimama bondeni, kwenye nyasi zenye maji, wenzake wakisoma namba kubwa kutoka mbali, kisha akapanda kichuguu na kuzisikia zikipungua, hadi jambo lile likaacha kuwa kanuni na kuwa kitu anachokijua kwa magoti. Alisoma akiwa na kinyongo. Alifanya mazoezi ya hesabu akimchukia aliyeyatunga. Mtazamo wake ulikuwa hasi kuliko wakati mwingine wowote maishani mwake, na hakuwahi kusoma vizuri namna ile.

Muhula wa pili ulipokwisha alipata mbili nukta tatu.

Ni namba ndogo. Hakuna anayeitundika mlangoni. Lakini alikuwa ametolewa kwenye uangalizi, virago vyake vilibaki chini ya kitanda, na mhadhiri alipomrudishia mchoro wake wa mwisho alisema, "Maji yameteremka," na hiyo, kwa mujibu wa waliomfahamu, ndiyo ilikuwa hotuba yake ndefu ya sifa. Mama Chanya alimkumbatia na kumwomba asimame mbele ya wanafunzi wapya awaeleze nguvu ya kioo. Mheshimiwa, aliyekuwa ameshindwa uchaguzi mwingine, alimpa mkono kwa adabu ya kweli. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni Namba Wani alikuwa amekipata kitu ambacho hakupewa na mtu. Akaenda nyuma ya bweni, penye kamba za kuanikia nguo, kumpigia baba yake. Safari hii angesema yote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Ngoja, ngoja nikuweke spika. Yupo hapa mwalimu mkuu, amekuja kupunguziwa suruali. Haya, sema, Wani."

"Mbili nukta tatu, baba."

Cherehani ilikuwa ikienda, ikasimama. Mlio mdogo ukaonyesha kwamba spika imezimwa.

"Rudia."

"Mbili nukta tatu."

"Mbili," alisema baba yake. "Umeshuka."

"Baba, nisikilize. Huku hesabu inakwenda kinyume. Namba ikiwa kubwa ndiyo umefanya vizuri. Nilitaka kukuambia tangu mwanzo."

"Kinyume."

"Ndiyo. Kilele ni tano."

"Tano ndiyo bora?"

"Ndiyo, baba. Mimi nimepanda."

Fundi hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa vipimo, na mtu wa vipimo hujua kwamba utepe ukigeuzwa, nguo zote zilizokwisha kukatwa zimekatwa vibaya. Aliposema tena alitumia ile sauti anayomwulizia mteja kama ana hakika ya urefu, kabla ya kupitisha mkasi.

"Kwa hiyo ile moja nukta sita, mwanangu… ile ilikuwa nini?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelibeba muda mrefu, na sasa alikuwa na haki ya kulitua. Lakini alimjua mwulizaji, na alisikia wazi kwamba hakuulizwa, aliombwa. Nyuma ya swali lile kulikuwa na vigelegele vya mama yake, na wateja wote walioambiwa haliuzwi, na mwalimu mkuu asiye na suruali akisubiri nyuma ya pazia, masikio yamesimama. Namba zile mbili haziwezi kuwa nzuri zote. Moja ilikuwa ya baba yake na nyingine ilikuwa yake.

"Ile ilikuwa nzuri, baba," alisema. "Nilikuwa natania. Nimeshuka."

Baba yake alishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyeponea chupuchupu.

"Usinitanie na masomo, kijana wewe! Nilishaanza kuona giza."

"Nisamehe."

"Haya." Sauti ilitafuta ukali ikaukosa, ikaamua kuwa njema. "Haya, sikiliza. Usikate tamaa. Mtu si namba. Mimi mwenyewe nimeharibu vitambaa vingapi? Jikaze urudi kwenye moja yako. Unaweza."

"Naweza, baba."

"Ndivyo ninavyotaka kusikia."

Kisha simu ikashushwa mezani bila kukatwa, na Namba Wani, akiwa amesimama kati ya mashuka ya watu, akamsikia baba yake akimwambia fundi mwenzake wa pale dukani alishushe lile koti mlangoni, litapaushwa na jua. Lilikuwa limekaa juani muhula mzima. Yule fundi aliuliza aliweke wapi. Kabatini, aliambiwa. Chini, chini kabisa.

Mama yake ndiye aliyeichukua simu. Alimwita kwa jina alilompa alipomzaa, taratibu, silabi zote. Ilibidi alirudie mara ya pili, maana kijana hakutambua kwamba ni yeye aliyekuwa akiitwa.