Siku ya Safari Haitajwi

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, na mdogo wangu Wilner analijua hilo tangu utoto. Kwa hiyo alipoanza kuniambia kwenye simu kwamba mama amelala, asubuhi amelala, mchana amelala, jioni amelala, nilimuuliza kama mama siku hizi amegeuka paka.

"Dada, mzee amechoka. Risasi zinamnyima usingizi usiku."

"Basi mwamshe."

"Nitamwambia akupigie."

Hakupiga. Wilner na mama wako kwetu Port-au-Prince, mji mkuu, mimi niko ughaibuni Montréal na mume wangu Fritznel. Mtaa wa mama kule mlimani magenge yalikuwa yameshauzingira, majirani wamehama na magodoro vichwani. Mama ana moyo mgonjwa. Nilikuwa sijamwona kwa miaka sita, na kitu nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: nimshike mkono angali hai.

Mwezi wa kumi na mbili, Islande wa kwaya yetu akarudi kutoka nyumbani na chupa yangu ya siagi ya karanga. Mama hunitumia kila mwaka. Nilichovya kidole, nikalamba, nikakaa chini. Haikuwa na pilipili. Karanga za mama zinakutoa machozi, ndiyo raha yake. Hii ilikuwa tamu tupu, na nilimjua aliyeisaga. Ni Rosemène, mke wa Wilner, mwanamke anayeogopa hata kitunguu.

Nikapiga simu saa ile ile. "Wilner, karanga kasaga nani?"

"Mama."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama yuko wapi?"

"Amelala, dada."

"Nakuja."

"Usije! Nakuomba kwa jina la Mungu. Watakuteka kabla hujashusha begi. Mwaka mpya uwe nyumbani kwako, umesikia? Nyumbani kwako."

Mtu akikuomba hivyo ujue kuna kitu amekifukia. Kwetu habari ya msiba hapewi mtu wa ughaibuni kwa simu, anatafutwa pasta ampelekee. Na Jumapili ile pasta alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, akaniuliza kama nyumba yangu ina joto la kutosha. Sijawahi kuulizwa habari za joto na yule bwana. Nilirudi nyumbani bila kuaga mtu.

Huko nyumbani nako kulikuwa na mambo yake. Fritznel, mwendesha teksi ambaye kwa miaka yote hajawahi kupigilia hata msumari, alikuwa amepaka rangi kile chumba kidogo cha nyuma. Akanunua blanketi zito. Nikiingia sebuleni anakata simu. Siku moja nikafungua buti ya gari kutafuta koleo la theluji, nikakuta viatu vya baridi vya kike, vipya, vidogo kuliko mguu wangu.

"Hivi vya nani?"

"Vya abiria. Alivisahau."

"Abiria alishuka kwenye theluji miguu mitupu?"

"Guerda, acha hizo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nililala nimempa mgongo wiki nzima, nikiwaza. Nikienda nyumbani, huyu anaingiza mwenye viatu. Nikibaki, Wilner anamzika mama bila mimi, kama hajamzika tayari. Redio inasema msiende, serikali inasema msiende, uwanja wa ndege wa mji mkuu umefungwa, mtu anashukia Cap-Haïtien huko kaskazini na mbele ya hapo ni yeye na Mungu wake. Niliogopa, kwa nini niseme uongo. Mwanamke wa chumba cha kufulia nguo ninakofanya kazi, mpwa wake alitekwa, akarudi hasemi. Lakini mume nitampata mwingine, nikajiambia, na hata nisipompata nitaishi. Mama hana wa pili.

Nikakata tiketi ya siku ya mwisho wa mwaka. Sikumwambia mtu. Kwetu siku ya safari haitajwi, si kwa ndugu, si kwa rafiki. Ukimwambia mmoja umeiambia barabara nzima, na barabarani ndiko wanakongojea. Tunafika kama mvua, watu wanatuona tu mlangoni. Fritznel nilimwambia naenda Ottawa kumsaidia rafiki aliyejifungua.

Akasimama na kijiko mkononi. "Sasa hivi? Utarudi lini hasa?"

"Kwa nini unataka kujua hasa?"

"Mwaka mpya lazima uwe hapa, Guerda. Lazima."

"Kuna nini mwaka mpya?"

"Supu," akasema, macho chini. "Supu ya boga. Mwaka mpya bila supu?"

"Mwambie mwenye viatu akupikie," nikamjibu, nikabeba begi.

Cap-Haïtien nilishuka na koti langu la baridi begani, jua linanichoma utosi. Nikapanga foleni ya saa nzima kwa maofisa, nikatoka nje kwa mlango wa wanaowasili, na mtu wa kwanza kumwona kwenye uzio wa waya ni Wilner.

Wilner hakuwa na sababu yoyote ya kuwa Cap-Haïtien. Nikamkamata shati kabla hajageuka.

"Nani kakwambia nakuja? Umeniuza kwa nani?"

Akanitazama mdomo wazi. "Dada, wewe unafanya nini hapa?"

"Mama yuko wapi? Ukisema amelala nakupiga mbele za watu."

Alinyoosha kidole, akaonyesha ndege iliyonileta. Ilikuwa imeshafunga mlango, imeanza kusogea.

"Yumo humo," akasema. "Viza ilitoka. Nilimtoa mjini tangu mwezi wa kumi na moja, kwa pikipiki, njia za milimani, nimemfunga mgongoni kwangu kwa shuka kama mtoto. Tulikuwa tumejificha hapa kwa watu, ndiyo maana simu hakushika wala karanga hakusaga. Yeye mwenyewe alikataza usiambiwe. Alisema atakugongea mlango siku ya supu. Fritznel anajua, pasta anajua. Ungeniambia unakuja, dada."

"Nani anataja siku ya safari?" nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Sisi pia hatukutaja."

Tulishika waya, tukaiangalia ikipaa. Mama alikuwa ameketi kwenye chumba cha wanaoondoka, mimi nikipita upande wa pili wa ukuta nimekunja sura. Nililia pale pale, na wachukuzi wa mizigo wakadhani nimefiwa.

Jioni ile zikasikika risasi karibu na uwanja, asubuhi ndege zote zikasitishwa. Mpaka lini, hakuna anayejua. Barabara ya mpakani imefungwa pia. Niko chumba alichokuwa akilala mama, kwenye mto wenye harufu ya mafuta yake ya nywele.

Siku ile ile ya mwaka mpya simu ililia. Namba ya nyumbani kwangu.

"Guerda," mama akasema, na nyuma yake nilisikia kijiko cha Fritznel kikigonga sufuria. "Mume wako amenipa viatu vizuri. Vimenikaa sawasawa."

Nikaukumbatia mto wake.

"Ila supu yake haina pilipili. Nimeitia. Na bakuli lako nimelijaza, nimelifunika, liko mezani. Unafika saa ngapi kutoka Ottawa, mwanangu?"